Dakika Tatu za Chapuchapu

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, ghorofa ya chini ya jengo la maduka ilikuwa haipitiki. Watu walipanda na kushuka ngazi za umeme na mifuko yao, watoto walililia peremende, spika za duka la viatu zilikwaruza matangazo. Na katikati ya kelele hizo, kwenye meza sita zilizobanwa kati ya mafundi simu na kinyozi, wanaume wazima walikuwa wanagombana na saa.

Walijiita wachezaji wa sataranji. Kusema kweli walikuwa wachezaji wa kitufe. Kila mmoja alipewa dakika tatu za mchezo mzima, na saa yenye nyuso mbili ilikaa pembeni ya ubao ikizihesabu. Ukisogeza kete unapiga kitufe, saa yako inasimama na ya mwenzako inaanza kukimbia. Dakika zako zikiisha umeshindwa, hata kama ubaoni ulikuwa unamchinja. Basi walirusha kete, wakapiga vitufe kama watu wanaoua mende, wakakejeliana, na mchezo ulipoisha hakuna aliyekumbuka ulivyokwenda. Wakapanga tena. Michezo arobaini kwa siku, hamsini, na ndani ya yote hiyo labda wazo moja.

Bingwa wao alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja waliyemwita Chapuchapu. Mrefu, mwembamba, shati la samawati lililopigwa pasi mpaka likakata, mikono imekunjwa juu ya viwiko ili watu waone jinsi anavyopiga kitufe. Siku za kazi alipokea simu kwenye kituo cha dharura, zile za watu wanaoomba gari la wagonjwa, na huko nako alisifiwa kwa wepesi. Sifa zilikuwa zimemkaa vibaya. Alikuwa na tabasamu la mtu anayejua utakachosema na tayari amechoka kukisikiliza.

Siku hiyo alimshinda mpinzani wa tisa mfululizo. Kwa majivuno akampigiza farasi ubaoni kwa nguvu, farasi akaruka, akadunda sakafuni na kutua kwenye buti la mwanamke aliyesimama pembeni.

Lilikuwa buti la kazi lenye tope lililokauka. Juu yake suruali ya kaki, juu ya suruali koti la rangi ya chungwa la watu wa barabarani, na begani miguu mitatu ya mtambo wa kupimia. Alikuwa mpima ardhi. Alikuja kubadilishiwa kioo cha simu, fundi akamwambia asubiri, na kwa robo saa alikuwa hana la kufanya ila kuwatazama wapuuzi hawa.

Akamwokota farasi, akampuliza vumbi, akamrudisha ubaoni.

"Ngome yako ilikuwa inamaliza mchezo tangu hatua nne zilizopita," alisema. "Hukuiona."

Chapuchapu akamtazama kuanzia buti kwenda juu. "Nimeshinda."

"Umeshinda kwa sababu mwenzako ni mbovu kuliko wewe."

Meza zote zikapiga mluzi. Yule mwenzake aliyeitwa mbovu akacheka pia, maana hakuwa na jingine la kufanya.

"Dada, ukisimama pembeni kila mtu bingwa. Kaa."

"Nina kazi."

"Dakika tatu tu. Au lazima kamati ikae kwanza?"

Mpima akatua mtambo wake chini na kuketi. Alitumia sekunde ishirini kumsogeza askari wa kwanza, hatua ambayo mtu yeyote angeisogeza akiwa usingizini. Watazamaji wakaguna. Lakini baada ya hapo kila alichokisogeza kilikaa mahali pake kama tofali ukutani. Chapuchapu alirusha, alitishia, aliimba, alipiga kitufe. Akapoteza askari wawili, kisha ngome, kisha malkia wake mwenyewe. Mfalme wake alibaki uwanjani peke yake kama mtu aliyeibiwa nguo akiwa anaoga. Mpima aliinua mkono kufanya hatua ya mwisho, akausimamisha hewani ahakikishe kwanza, na saa ikalia.

"Umeishiwa!" Chapuchapu akaruka. "Umekwisha!"

"Saa ndiyo imenishinda. Wewe bado."

"Sheria ni sheria, dada yangu."

"Sikatai. Ila unacheza kama mtu anayefukuzwa na mbwa."

"Na wewe unacheza kama mtu anayesubiri pensheni."

Mpima hakutaka kucheka, lakini alicheka, na meno yake yalikuwa na mwanya mzuri katikati. Chapuchapu, aliyekuwa akiamua mambo yote kwa jicho la kwanza, akaamua na hilo palepale.

"Nipe namba yako."

"Ya nini?"

"Tucheze kwa simu. Kwa mwendo wako, mchezo mmoja utatutosha mpaka tuwe na wajukuu."

"Wajukuu wa nani?"

Chapuchapu akamnyooshea simu tu. Mpima akaichukua na kuandika namba, tarakimu moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote.

*

Wakaanza kupigiana. Chapuchapu alimwita Mpima Taratibu, naye akaitwa Bwana Kitufe.

"Taratibu wangu, umekula?"

"Ndiyo naanza kufikiria."

"Anza saa tatu asubuhi basi, ili saa saba uwe umeshafika kwenye sahani."

"Na wewe, umetafuna au umemeza tu?"

"Nimemeza. Ningetafuna ningechelewa kukupigia."

"Maneno yako matamu, kipenzi. Bahati mbaya yote ni ya mtu aliyekurupuka."

Ndivyo walivyopendana, kwa dharau iliyopakwa asali. Jumapili walitembea mjini, yeye akiwa hatua tano mbele kila mara, Mpima akiwa amevaa gauni la kijani na viatu vya chini, akisimama kutazama kila jengo lililopinda. Chapuchapu alirudi kumfuata mara ishirini kwa barabara moja. Mtu angewaona angedhani mmoja wao amepoteza kitu.

Mpima alimdharau kweli mwanzoni, na angeendelea kumdharau, kama si jambo lililotokea wiki ya sita. Chapuchapu alikuwa na mapumziko, akamletea chakula cha mchana kazini, kwenye uwanja ambako walikuwa wanachimba mtaro wa mabomba. Alipokuwa anafungua kifuniko, ukuta wa mtaro ukateleza. Mchimbaji mmoja akafukiwa mpaka kifuani. Wenzake walipiga kelele na kutaka kurukia ndani wote kwa pamoja. Mpima, aliyejua udongo ule kwa vipimo vyake vyote, alisimama ameganda, kalamu mkononi.

"Asiingie mtu!" Chapuchapu alinguruma. "Wewe, zima katapila, usiisogeze! Nyie wawili, rudini nyuma, mnazidi kuubomoa ukuta! Leteni mbao. Kaka, nitazame mimi, usiongee, pumua pole pole. Taratibu, kina cha mtaro?"

"Mita mbili na nusu," Mpima akasikia sauti yake ikijibu.

Tayari simu ilikuwa sikioni mwa Chapuchapu akiwaita wenzake wa kituoni. Mbao zikaegemezwa ukutani, wawili wakashushwa kwa kamba, wakafukua kwa mikono. Yule mchimbaji alitolewa na mbavu mbili zilizovunjika, akimlaani kila mtu, jambo ambalo kila mtu alilifurahia.

"Ulijuaje?" Mpima alimuuliza baadaye, wamekaa juu ya bomba, chakula kimeshapoa.

"Sikujua. Niliona. Ukicheza michezo elfu kumi ya dakika tatu, jicho linazoea. Linakuonyesha picha nzima kabla akili haijavaa viatu. Na mkono hautetemeki. Ukikosea huna muda wa kujililia, unacheza na kilichobaki."

"Na mimi nilisimama tu."

"Wewe ulijua kina. Mimi sikukijua."

Hapo lazima tumpe haki yake, ingawa haipendezi kumpa mtu wa namna ile kitu chochote. Ule mchezo wa kipumbavu ulikuwa umemfundisha jambo lenye maana. Ubaya ni kwamba aliliamini kila mahali. Mtu mwenye nyundo nzuri alianza kuitumia kunyolea ndevu.

*

Baba yake Mpima alikuwa mpiga chapa wa mahakama aliyestaafu. Alicheza sataranji kwa barua na rafiki yake wa mji mwingine. Hatua moja kwa wiki, na mchezo wa sasa ulikuwa na mwaka na miezi minne. Alimkaribisha mgeni sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, akamwekea ubao mbele yake kama hakimu anayemwekea mshtakiwa kizimba.

"Nasikia unacheza."

"Kidogo tu, mzee wangu," Chapuchapu alisema, kwa sauti ya mtu asiyeamini neno kidogo.

Wakacheza bila saa. Mzee alifikiri dakika nane. Chapuchapu alijibu kabla kete ya mzee haijatulia, kisha akainuka kutazama picha za ukutani. Mzee alifikiri dakika kumi na mbili. Chapuchapu akajibu akiwa amesimama, akaenda dirishani. Kwenye hatua ya kumi na nane mzee alisema, "Njoo umtazame mfalme wako," na Chapuchapu alipokuja akakuta hana pa kumpeleka.

"Nilikuwa sijakaa vizuri, mzee."

"Hukukaa kabisa," mzee akajibu. "Huo mchezo wenu wa dakika tatu ninaujua. Unampa mtu mbio na kumnyang'anya shabaha. Mbio anazo hata kuku aliyekatwa kichwa."

"Lakini mzee, maisha hayampi mtu wiki nzima ya kufikiria."

"Yananipa mimi."

Kwa kweli wote wawili walikuwa wanachosha. Mzee huyu aliyejivunia subira yake alikuwa ameshindwa kwa miaka sita kuamua rangi ya kupaka mlango. Na binti yake alikuwa damu yake. Mpima alikaa kati yao na sinia la chai, akawaona wanaume wawili wanaofanana kuliko wanavyopenda, na akaweka moyoni kwamba kuna jambo atamwambia Chapuchapu siku nyingine, ikifika siku nzuri.

Jambo lenyewe lilikuwa barua. Ofisini walikuwa wamemteua kwenda kwenye bwawa kubwa linalojengwa mbali, miaka miwili, mkuu wa vipimo. Alikuwa ameshapiga simu kule kuuliza kama kambi ina kituo cha dharura, na akaambiwa kipo, na kinatafuta mtu wa kupokea simu na kuongoza magari. Alitaka kumwambia Chapuchapu haya yote kwa mpangilio mzuri. Akatafuta mpangilio huo kwa wiki tatu.

Hatimaye akamwita kwenye mkahawa wenye madirisha makubwa, saa kumi jioni. Alivaa blauzi nyeupe yenye kola ya kazi ya mkono na hereni ndogo za fedha. Chapuchapu alifika ametoka kucheza, vidole bado vinagonga meza.

"Kuna jambo nataka tulizungumze," Mpima alianza. "Nilitaka kulisema mapema, lakini nilitaka kwanza nilipange. Unajua kazi yangu ilivyo. Sasa kazini wameleta barua. Kuna bwawa linajengwa, ni mbali, ni miaka miwili, na mimi nikafikiri kwamba..."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa, sijamaliza."

"Huna haja ya kumaliza, mpenzi. Barua imekuja lini?"

"Wiki tatu sasa, lakini..."

"Wiki tatu! Umekaa nayo wiki tatu. Mtu anayetaka kubaki hakai na barua wiki tatu. Nimeshauona mwisho, unatafuta tu maneno ya upole." Akainuka, akanyoosha mkono juu ya vikombe, kama wanavyofanya wachezaji wanaokubali kushindwa. "Najitoa. Hongera."

Mpima aliutazama ule mkono. Ulikuwa mkono msafi, kucha zimekatwa vizuri, na hakuwahi kuona kitu cha kipuuzi kama kile maishani mwake. Maneno ya kumjibu yalikuwepo. Yalihitaji nusu dakika kufika. Chapuchapu hakuwa nayo. Alikwenda zake, mlango ukajifunga nyuma yake, na alipofika kona ya barabara tayari alikuwa anajisifu moyoni kwamba ameumia haraka na sasa yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Usiku aliandika ujumbe na kuufuta, asubuhi akaenda kazini na uso kama gunia.

Naye Mpima, badala ya kumkimbilia na kumpiga kibao ambacho kingewasaidia wote, alirudi nyumbani kutunga jibu. Alilitunga siku kumi na tisa. Aliliita kujiheshimu.

*

Siku ya ishirini, saa sita mchana, simu ya kituo cha dharura ikalia mezani kwa Chapuchapu. Sauti ya mwanamke mzee.

"Mwanangu, mume wangu ameanguka. Mdomo umekwenda upande. Tuko Barabara ya Reli, lakini si ile ya..."

"Barabara ya Reli, nimeelewa mama, gari linakuja. Nyumba namba?"

"Kumi na nne. Lakini nasema si..."

"Kumi na nne, nimeelewa. Mlaze ubavu, usimpe maji, usikate simu."

Kila alichosema kilikuwa sahihi isipokuwa mahali. Mji ulikuwa na Barabara za Reli mbili, mpya iliyopita mbele ya stesheni na ya zamani nyuma ya maghala, na yule mama alikuwa anajaribu kusema si ile ya stesheni. Gari lilikwenda stesheni. Dereva aliporipoti kwamba namba kumi na nne ni duka la matairi, Chapuchapu aligundua kosa lake kwa sekunde moja na kulirekebisha kwa sekunde mbili, maana katika hilo hakuwa na mpinzani. Dakika kumi na moja zilikuwa zimepotea. Mgonjwa aliishi. Upande wake wa kushoto haukurudi. Daktari hakusema ni kwa sababu ya dakika kumi na moja. Hakusema pia kwamba sivyo.

Msimamizi wa kituo, mwanamama mnene wa sauti ndogo, alimtoa kwenye simu kwa mwezi mmoja. Hakumfokea. Akamketisha kwenye chumba kidogo chenye feni moja na kumvalisha vipokea sauti masikioni.

"Simu zako mia mbili za mwisho," alisema. "Zisikilize. Andika kila mahali unaposema nimeelewa kabla mtu hajamaliza."

"Zote mia mbili, bosi?"

"Umeona? Hata mimi hukunisubiri nimalize. Zote, kisha uje tuzungumze."

Akasikiliza. Simu ya kwanza akajipenda. Ya kumi akaanza kukunja uso. Ilipofika ya sitini alikuwa anamchukia yule mtu wa kwenye kinasa, mwenye sauti laini, mwenye haraka, anayewanyang'anya watu maneno mdomoni kama mwizi wa sokoni. Jumla aliandika mara mia na arobaini na tatu. Mara nyingi alikuwa amebahatisha sawa, na hilo ndilo lililomtia aibu zaidi, kwamba alikuwa amelewa bahati na kuiita akili.

Siku ya mapumziko alikwenda Barabara ya Reli, ile ya zamani. Yule mama alifungua mlango akiwa na kanga begani na kijiko mkononi. Nyuma yake mumewe alikaa kitini, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Mama, mimi ndiye niliyepokea simu yenu."

"Ndiye wewe mwenye sauti ya kukimbia?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kuomba..."

"Ngoja. Mara hii nitamaliza mimi."

Akamaliza. Alimweleza siku ile kuanzia chai ya asubuhi, alivyosikia kiti kikianguka, alivyotafuta miwani ili aone tarakimu za simu, alivyosimama dirishani akisikia king'ora kikienda upande usio wake, kikipungua, kikipungua. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Mumewe alilia kwa jicho moja. Chapuchapu alisimama mlangoni jua likimpiga kisogoni, akisikiliza.

"Sasa omba," yule mama alisema mwishowe.

Akaomba. Mama akashika kitasa cha mlango.

"Nimekusikia," akasema, na kufunga mlango. Hakusema amemsamehe, na Chapuchapu hakuthubutu kummalizia.

*

Jumapili iliyofuata Mpima alikuwa anafunga masanduku aliposikia simu.

"Taratibu."

Mpima akaibana simu begani na kuendelea kukunja blauzi.

"Mkahawani ulisema 'mimi nikafikiri kwamba'. Nilikukatiza. Ulifikiri nini?"

"Sasa hivi ndiyo unauliza? Karibu mwezi na nusu?"

"Ndiyo. Nasikiliza."

Mpima akakaa juu ya sanduku. Alisema. Mwanzoni aliingiza vituo makusudi, vituo virefu, ajaribu kumtega. Upande wa pili palikuwa na pumzi tu. Akamweleza barua, bwawa, kituo cha dharura cha kambini, simu aliyopiga kabla hata ya kumwambia baba yake. Kisha, kwa kuwa hakukatizwa, alijikuta amefika mahali ambapo hakuwa amepanga kufika.

"Niliogopa," alisema. "Sikuwa napanga maneno, hapana. Niliogopa utakataa, nikajidanganya kwamba nafikiri. Haya, na nyingine hii hapa, sijaipanga: tuoane kabla sijaondoka. Nimebakiza wiki tatu. Nimemaliza."

Akahamishia simu sikio la pili.

"Upo?"

"Nipo. Nipe muda nifikirie."

"Unasema?"

"Nifikirie."

"Wewe?"

"Mimi."

Mpima akamkatia simu na kuirusha kwenye nguo. Jumatatu Chapuchapu hakupiga. Jumanne hakupiga. Baba yake, aliyesikia yote kupitia mlangoni kama wazee wenye heshima zao wanavyosikia, alikunywa chai kwa furaha isiyofichika.

"Hatimaye kijana ametumia kichwa."

"Baba, tafadhali. Mwanamume gani anafikiria siku tatu kama anapendwa?"

"Mimi kwa mama yako nilifikiria miezi saba."

"Mama alisema alikuwa ameshakata tamaa, akaanza kuzungumza na fundi cherehani."

Mzee akajimiminia chai nyingine.

Alhamisi mchana, jua la utosi, Mpima alikuwa ameinama kwenye mtambo wake uwanjani, akisoma mstari wa vijiti, mtu alipoingia katikati ya kioo. Akainua kichwa. Chapuchapu alikuwa anakuja akikwepa kila kijiti, jasho limelowanisha mgongo wa shati, karatasi iliyokunjwa mkononi. Alikuwa mwembamba zaidi. Hakuonekana kama bingwa wa chochote.

"Nina maswali kumi na moja," alisema.

"Mimi niliuliza moja."

"Najua. La kwanza. Nani atakaa na mzee?"

"Binamu yangu anahamia mwezi ujao. Endelea, nina kazi."

"La pili. Kule kambini nimepiga simu. Wananitaka, lakini baada ya mwezi wangu wa adhabu na mwingine wa mafunzo. Utakuwa peke yako wiki kadhaa. Utaweza?"

Adhabu hakuijua. Akamuuliza adhabu gani, naye akamweleza, kwa kifupi, bila kujipamba, mpaka kwenye mlango uliofungwa. Mpima akaacha kushika mtambo.

"Nitaweza," alisema kwa sauti nyingine.

"La tatu. Ukiwa na jambo moyoni, utaniambia siku ileile au baada ya wiki tatu?"

Hilo lilimchoma. Akatazama kando, kwenye rundo la udongo.

"Nitajaribu siku ya pili."

"Nimeandika siku ya pili. La nne. Nikikukatiza utafanya nini?"

"Nitakupiga na kijiti."

"Kipi?"

"Chochote kilicho karibu."

Akaandika. Waliendelea hivyo, wamesimama juani kama wapuuzi wawili, yeye akisoma karatasi na Mpima akijibu moja moja: mama yake Chapuchapu na maneno yake makali, watoto, Jumamosi za sataranji ambazo hakukubali kuziacha zote, na Mpima akampa mbili kwa mwezi. Dereva wa katapila alizima injini ili asikie vizuri.

"La kumi na moja?"

Chapuchapu akakunja karatasi. "Hilo sikuliandika. Ni kwamba sijui kama hii itadumu. Jana tu nimemkatiza mama yangu mara tatu kwenye chakula kimoja. Kama nitarudi kuwa yule, utanipenda?"

Mpima alifikiri. Alifikiri muda mrefu, mpaka dereva wa katapila akatoa kofia na kujipepea. Chapuchapu alisubiri, na ilionekana wazi kwamba kusubiri kulimuuma mwilini.

"Sijui," alisema mwishowe. "Yule sikumpenda. Nilimpenda aliyekuwa mtaroni. Tutaona huko huko."

"Sawa."

"Na jibu langu liko wapi? Nilikuuliza Jumapili."

"Ndiyo. Nataka tuoane. Nataka sana."

"Siku nne! Kwa neno hilo moja!"

"Jumapili ningelisema bila kujua ninachosema."

"Mama Mpima!" dereva akapaza sauti. "Tuendelee na mtaro au tungoje harusi?"

"Endelea na mtaro!" Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Sogea. Umesimama kwenye mstari wangu."

Akasogea, hatua mbili, akauliza kwa macho kama zinatosha. Mpima akainama kwenye kioo cha mtambo, akasoma namba, akaiandika kitabuni kwa mwandiko wake ulionyooka, kisha akaikata na kusoma upya, maana alikuwa ameikosea kwa mita nzima.